Mstari Umejaa, Kazi Haijaisha

Mwisho wa muhula, vibanda vya kuchapa katikati ya Nairobi hujaa wanafunzi tangu saa mbili asubuhi. Mimi ni mmoja wa wanaoketi nyuma ya kaunta hizo, ghorofa ya kwanza, hatua chache kutoka Barabara ya Tom Mboya. Napokea flashi, nafungua faili, nachapa, nafunga kwa waya, narudisha flashi. Siku za msimu huo huwa nachomeka na kuchomoa vifaa vya watu kutwa nzima, na kila kimoja kina kazi ambayo mwenyewe hawezi kuirudia kwa siku moja. Ndiyo maana nilijibidiisha kuelewa ni nini hasa hutokea katika ile sekunde kifaa kinapoachana na kompyuta.

Mwaka huu aliingia binti mmoja akiwa na tasnifu yake ya uzamili ndani ya flashi, tayari kuifunga na kuipeleka chuoni. Alikuwa ametoka kuchapa kurasa mbili mahali pengine.

"Walifungua tu, wakachapa," aliniambia. "Hawakuandika chochote. Foleni ilikuwa ndefu, kijana akaichomoa akanipa."

Nilipoichomeka kwangu, Windows ilisema diski hiyo lazima ifomatiwe, yaani ipangwe upya kana kwamba haina kitu, kabla ya kutumika.

"Dada, tusibonyeze kitu kwanza," nilimwambia, nikaiweka flashi mezani. Nitarudi kwake. Kwanza nataka kueleza kwa nini maneno yake mawili, walifungua tu, hayakutosha kuilinda ile flashi.

Tuanze na lisilo tatizo, yaani umeme. Ukitazama ndani ya mdomo wa USB wa kawaida, ule wa mstatili, utaona vibamba vinne vya chuma. Viwili vya pembeni ni virefu kidogo kuliko viwili vya katikati. Vya pembeni hupitisha umeme, vya katikati hupitisha data. USB ilipotoka mwaka 1996 ilikusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa kompyuta ikiwa inafanya kazi, na kwa urefu huo umeme huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kwa hiyo anayekuonya kwamba flashi "itaungua" ukiichomoa ghafla anakuelekeza mahali pasipo na hatari. Kinachoumia karibu kila mara ni maandishi.

Mzigo ulio mlangoni

Pita Nyamakima, hapahapa Nairobi, asubuhi lori linaposhusha magunia ya maharagwe. Wapagazi hawalisubirishi lori huku wakipeleka kila gunia hadi ndani ya stoo. Wanayarundika mlangoni, karani anahesabu, anamwambia dereva kwamba mzigo umepokelewa wote, na lori linaondoka. Baada ya hapo ndipo magunia yanaingizwa moja moja, na karani anaandika katika daftari lake: safu ya tatu, maharagwe, magunia arobaini.

Kompyuta inaponakili faili kwenda kwenye flashi hufanya vivyo hivyo. RAM, ile kumbukumbu ya muda inayosahau kila kitu umeme ukikatika, ndiyo mlango. Flashi ndiyo stoo. RAM hupokea gigabaiti nyingi kwa sekunde moja, ilhali flashi nyingi za bei nafuu huandika megabaiti chache au makumi machache tu kwa sekunde. Video ya harusi yenye megabaiti 2,000, kwenye flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, inahitaji sekunde 200, yaani zaidi ya dakika tatu. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows, unaweza kuupokea mzigo huo mlangoni kwa muda mfupi zaidi, ukakuonyesha ule mstari wa maendeleo ya kunakili ukiwa umejaa, kisha ukaendelea kubeba magunia kimyakimya. Mstari ule unaeleza kilichopokelewa. Hausemi chochote kuhusu kilichofika stoo.

Katika Linux, mfumo endeshi mwingine, jambo hili huonekana wazi kabisa. Kwa mipangilio ya kawaida, kiini cha mfumo huamka kila baada ya sekunde 5 kuona kama kuna data ya kupeleka, na data hulazimishwa kutoka ikishakaa sekunde 30. Mzigo ukifika asilimia 10 ya kumbukumbu iliyopo, uandishi huanza bila kungoja muda huo, na ukifika asilimia 20, programu inayoandika husimamishwa ili stoo ipate nafasi ya kupumua. Kwenye kompyuta yenye gigabaiti 8 za RAM, hayo ni mamia ya megabaiti yanayoweza kuwa bado mlangoni wakati dirisha la kunakili limeshajifunga. Ndiyo sababu anayetoka Windows akaanza kutumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, hushangaa kuona faili kubwa "imenakiliwa" kwa kufumba na kufumbua, kisha amri ya kutoa flashi ikachukua dakika mbili. Zile dakika mbili ndizo kazi yenyewe.

Windows ina njia mbili. Ya kwanza huzuia kurundika mzigo mlangoni kwa vifaa vya kuchomoka. Data hupelekwa moja kwa moja na mstari unaouona unakaribia ukweli. Ya pili huruhusu kurundika ili kazi iende kasi. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka Oktoba 2018, njia ya kwanza ndiyo chaguo-msingi. Hapa lazima niseme kwa haki: wale wanaoniambia wamechomoa flashi ovyo miaka nenda rudi na hawajapoteza kitu hawasemi uongo. Mashine zao zimewekwa hivyo, na mara nyingi kifaa kilikuwa kimetulia walipokichomoa. Lakini katika saiba, yaani kibanda cha kompyuta za kulipia, hujui mashine iliyo mbele yako imewekwaje, wala nani aliibadilisha. Na hata njia hiyo ya kwanza haizuii kompyuta kuandika. Inapunguza tu muda wa kusubiri.

Kuandika bila kuambiwa

Hili ndilo ningependa kila anayebeba flashi alijue. Kwa kompyuta, kufungua faili si kusoma tu.

Ukifungua waraka wa Word ulio ndani ya flashi, Word huunda palepale, kando ya waraka wako, faili ndogo iliyofichwa ambayo jina lake huanza na alama ya wimbi na alama ya dola. Kazi yake ni kutangaza kwamba waraka huo una mtu. Ukiufunga, faili hiyo hufutwa. Kuunda ni kuandika, na kufuta pia ni kuandika. Flashi ikichomolewa Word ikiwa bado wazi, inachomolewa kutoka mikononi mwa mtu aliyeshika kalamu.

Kuna maandishi mengine usiyoyaona. Windows huweka folda yake ya System Volume Information. Mac huacha folda ya kusaidia utafutaji, na faili ndogondogo zinazoanza na nukta. Simu ya Android nayo huunda folda iitwayo LOST.DIR kwenye kadi ya kumbukumbu. Zaidi ya hayo, programu ya kuzuia virusi inaweza kuanza kupitia faili mara tu flashi inapoingia. Na kwa masikitiko, kompyuta nyingi za watu wengi zina vile virusi vinavyoficha folda zako na kuweka njia za mkato mahali pake. Virusi hivyo huandika kwenye flashi wakati wowote vinapopata nafasi.

Kwa hiyo binti yule alikuwa anasema kweli, na kijana aliyemchapia pia huenda aliamini hivyo kwa moyo safi. Hawakuandika chochote wao. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inaandika.

Daftari la karani

Magunia yakiingia stoo bila kuandikwa katika daftari, ni kama hayapo. Daftari likisema kuna magunia arobaini na ndani kuna kumi, hasara ni ileile. Kila kifaa cha kuhifadhi kina daftari la namna hiyo, nalo huitwa mfumo wa mafaili: orodha ya majina, ukubwa wa kila faili, mahali inapoanzia, na jinsi vipande vyake vinavyofuatana.

Kuhifadhi faili moja tu huhitaji kugusa daftari mara kadhaa. Nafasi tupu hutengwa, yaliyomo huandikwa, vipande huunganishwa, kisha ukubwa na tarehe husahihishwa. Ukichomoa katikati, matokeo hutegemea ulikata wapi. Pengine faili itaonekana ikiwa na ukubwa wa sifuri. Pengine nafasi itabaki imetengwa bila mwenyewe. Na pengine, ikiwa ukurasa wa kwanza wa daftari ndio uliokuwa unaguswa, kompyuta itashindwa kulisoma daftari lote na kukuambia ufomati. Magunia yamo ndani vilevile. Aliyepotea ni karani.

Flashi nyingi hutumia daftari la aina ya FAT32 au exFAT. FAT32 ilikuja mwaka 1996 pamoja na toleo lililorekebishwa la Windows 95, na bado ipo kwa sababu karibu kila kitu huielewa: runinga, redio ya matatu, kamera, mashine ya fotokopi. (Ndiyo hiyohiyo inayokataa faili inayofika gigabaiti 4, tatizo linalowasumbua sana wapiga video.) exFAT ilitolewa na Microsoft mwaka 2006 kuondoa kizuizi hicho. Mifumo hii miwili ni myepesi, na wepesi wake una gharama: karani huandika moja kwa moja kwenye daftari kuu. FAT32 kwa kawaida hutunza nakala mbili za jedwali lake la vipande, jambo linalosaidia kiasi, lakini exFAT mara nyingi huwa na moja tu.

NTFS ya Windows, ext4 ya Linux na HFS+ ya Mac zina karani mwangalifu zaidi. Kabla ya kugusa daftari kuu huandika kwenye karatasi ya pembeni: nataka kuhamisha hiki kutoka hapa kwenda pale. Umeme ukikatika, akirudi husoma karatasi ile na kumalizia au kufuta alichoanza. APFS, mfumo mpya wa Mac, huenda njia nyingine. Huandika ukurasa mpya pembeni na kuuacha wa zamani mpaka mpya ukamilike. Hata hivyo karatasi ya pembeni hulinda daftari zaidi ya magunia. Unaweza kurudi ukakuta jina la faili lipo na folda ziko sawa, lakini ndani ya faili hiyo kuna nusu ya kazi yako.

Ukiwahi kuchomeka flashi na Windows ikapendekeza uikague kwa sababu ina hitilafu, mara nyingi imeona alama moja ndogo iliyobaki kwenye daftari. Alama hiyo huwekwa kazi inapoanza na kufutwa flashi inapotolewa kwa utaratibu. Ikikutwa bado ipo, kompyuta inajua kwamba safari iliyopita haikumalizika vizuri.

Ndani ya kifaa chenyewe

Hata kompyuta ikishamaliza sehemu yake, flashi inaweza kuwa bado na shughuli. Chembe zake za kumbukumbu haziwezi kuandikwa juu ya maandishi ya zamani. Lazima bloku nzima, yaani fungu zima la chembe, ifutwe kwanza, na bloku moja ni kubwa mara nyingi kuliko kipande kidogo unachotaka kubadilisha. Kwa sababu hiyo kuna kidhibiti kidogo ndani ya flashi kinachohamisha data huku na huku, kufuta bloku kuukuu, na kutunza ramani yake yenyewe ya nini kiko wapi. Ramani hiyo kompyuta haiioni kabisa.

Umeme ukikatika kidhibiti kikiwa kinaandika ramani yake, madhara huwa mabaya kuliko ya daftari kuharibika. Flashi inaweza kujitambulisha kwa ukubwa wa sifuri, au kompyuta ikakuomba uingize diski kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Programu za kurejesha faili haziwezi kufanya lolote hapo, kwa sababu hazipati pa kusoma. Ndiyo sababu mimi husubiri sekunde chache hata baada ya kompyuta kuniruhusu, na kama flashi ina taa, nasubiri itulie.

Diski ngumu ya nje, ile inayozunguka, ina hofu yake tofauti. Nyingi za ukubwa wa mfukoni huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache. Ukikata umeme ghafla, diski hutumia nguvu iliyobaki katika mzunguko wa sahani kuvirudisha vichwa mahali pa kuegesha. Ni ustadi mkubwa, lakini ni wa dharura, na diski hutunza hesabu ya mara ngapi imelazimika kufanya hivyo. Ukiitoa kwa amri, vichwa hupelekwa taratibu kabla umeme haujakatwa. Kisha ipe muda. Sahani huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Ukiiweka kiganjani utausikia mtetemo ukififia. Usiitupe mkobani ukakimbilia matatu wakati bado inazunguka.

Kinachofanyika unapobofya kutoa

Amri ya kutoa, iwe ni ile alama ndogo karibu na saa katika Windows, mshale wa Eject katika Mac, au umount katika Linux, haifanyi jambo moja. Kwanza mfumo endeshi huuliza programu zote kama kuna iliyoshika faili ndani ya kifaa. Kama hakuna, mzigo wote wa mlangoni huingizwa stoo. Daftari hukamilishwa na ile alama ndogo hufutwa. Kifaa huambiwa nacho kimalizie yake. Mwisho hutenganishwa, na ukirudi kwenye orodha ya diski hukioni tena. Ujumbe wa kwamba sasa unaweza kuondoa ndilo jibu pekee linalotoka kwa anayejua.

Tatizo linalowakera watu zaidi ni kukataliwa: kifaa kinatumika, jaribu tena baadaye. Wengi hapo huchoka na kuchomoa. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa sababu ujumbe huo maana yake ni kwamba kuna mtu bado yumo stoo, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kufunga mlango. Anza na kilicho rahisi. Funga waraka, kisha funga Word yenyewe. Funga dirisha linaloonyesha folda za flashi, na kicheza muziki kilichokuwa kinacheza kutoka humo. Subiri dakika moja, kwani programu ya kuzuia virusi huenda inamalizia ukaguzi. Jaribu tena.

Ikikataa bado, mshike mhusika. Katika Windows, kumbukumbu za matukio ya mfumo huandika tukio namba 225 kila programu inapozuia kifaa kutolewa, na ndani yake kuna jina la programu hiyo. Katika Linux na Mac, amri ya lsof huorodhesha nani ameshika faili gani. Na kama huna muda wa upelelezi, zima kompyuta kabisa, kisha chomoa.

Ninaposema kabisa, namaanisha hivyo. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida kwenye mashine nyingi hakuzimi kila kitu. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kompyuta iwake haraka kesho yake. Shikilia kitufe cha Shift unapochagua kuzima, au chagua kuwasha upya, kisha chomoa flashi wakati mashine inapoanza tena. Kompyuta iliyolala, ile unayofunga kifuniko tu, ni hatari zaidi. Yenyewe bado inaamini flashi imo. Ukiichomoa, ukaongeza faili kwenye kompyuta nyingine, kisha ukairudisha, mashine iliyolala huenda ikaamka na daftari la jana kichwani.

Simu ni jambo jepesi. Ukiunganisha simu ya Android na kompyuta kwa kebo, simu yenyewe ndiyo inayotunza daftari lake na kompyuta huomba faili moja moja. Ukichomoa kebo katikati utapoteza ile faili iliyokuwa njiani tu. Lakini ukichomeka flashi kwenye simu, simu ndiyo imekuwa kompyuta, na amri ya kuitoa iko kwenye mipangilio ya hifadhi.

Stima ikipotea

Kuna mchomoaji ambaye hasubiri amri ya mtu, nao ni umeme wenyewe. Kwenye kompyuta ya mezani, stima ikipotea kila flashi na kila diski iliyochomekwa imechomolewa kwa pamoja, na kila kilichokuwa mlangoni kimepotea. Najua vibanda vingi mjini vinavyonunua printa ya pili kabla ya kununua kifaa cha kuhifadhi umeme wa dakika kumi. Mimi ningegeuza mpangilio huo bila kufikiri mara mbili. Dakika kumi zinatosha kuhifadhi, kutoa flashi za wateja, na kuzima.

Kama huna kifaa hicho, nakili waraka wa mteja kwanza kwenye kompyuta yako, toa flashi mara moja, mrudishie mkononi, kisha fungua na uchape kutoka kwenye nakala. Ukimaliza, futa nakala hiyo mbele yake, kwa sababu kazi ya mtu ni siri yake. Flashi inakaa kwenye mashine nusu dakika badala ya nusu saa. Nimefanya hivi kwa muda mrefu na foleni haijawahi kuwa ndefu zaidi kwa sababu hiyo.

Flashi iliyokuwa mezani

Kifaa kikishaharibika, mkono wa kwanza ndio unaoamua mengi. Usikubali kufomati. Usihifadhi kitu chochote kipya humo, kwa sababu magunia yasiyo na daftari yanahesabiwa kuwa nafasi tupu na yanaweza kufunikwa. Usikimbilie pia chkdsk, ile amri ya Windows ya kurekebisha. Hurekebisha daftari kwa kweli, lakini lengo lake ni daftari lisomeke, na ili kufika hapo hukata vipande isivyovielewa na kuviweka kwenye folda ya FOUND.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Waraka wako unaweza kuwa mmoja wao, au nusu yake.

Nilichomeka flashi ya binti kwenye kompyuta yangu ya Linux bila kuifungua, nikatengeneza nakala yake yote, biti kwa biti, kwenye diski yangu. Kuanzia hapo niliifanyia kazi nakala peke yake. Nilitumia PhotoRec, programu ya bure ambayo hailitazami daftari hata kidogo. Hupita stoo nzima ikitambua kila aina ya faili kwa umbo la mwanzo wake. Kwa kuwa haina daftari, haina majina. Tulipata nyaraka nyingi za Word zenye majina ya herufi f na tarakimu, zikiwemo za zamani alizodhani zimefutika. Word inapohifadhi huandika faili mpya na kuiacha ya awali, na ya awali hukaa humo mpaka kitu kingine kiifunike.

Tulizifungua moja moja hadi saa nane mchana. Kati ya nakala za tasnifu zilizokuwa nzima, ya karibuni kuliko zote ilikuwa ya siku nne nyuma. Alijitumia kwa barua pepe palepale kwenye kaunta kabla hatujagusa kitu kingine. Mkobani alikuwa na nakala ya karatasi yenye masahihisho ya msimamizi wake kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo zile siku nne alizirudisha jioni hiyo, ameketi kwenye kiti kilicho kando ya mashine ya fotokopi, akiandika sentensi kwa sentensi mpaka tukafunga.